Mkia wa Umeme

Juzi mjukuu wangu alichomeka birika kwenye plagi iliyolegea, na kabla chai haijachemka jikoni pakajaa harufu ya raba inayoungua. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, miguu yangu hii mibovu imenyooshwa juu ya kigoda, na bado nilifika uani kabla yao wote. Walinicheka. "Bibi leo umepona miguu," wakasema. Sikuwajibu. Ukishafika umri fulani unachoka kueleza. Nawasimulia ninyi wa rika langu, tuliozaliwa kwenye nyumba za nyasi zenye ng'ombe ndani, ambao hamhitaji kuelezwa giza la nyumba ile lilivyokuwa hata jua likiwa utosini.

Baba yangu alikuwa msimamizi wa mfongo. Kwa mtu wa tambarare, mfongo ni mfereji unaochepusha maji ya mto kule juu msituni na kuyatembeza kihamba kwa kihamba, yaani shamba la migomba la kila nyumba, kila moja na zamu yake. Baba hakuwa mkuu wa chochote kingine. Lakini watu wawili wakishikana mashati juu ya maji, aliitwa Baba Aika, na alichosema ndicho kilichofuatwa. Aika ni mimi. Nilikuwa mtoto wake wa pekee wakati huo, akanichukua kila alikokwenda, mtaimbo wake wa kuvunjia mawe ukiwa begani. Nilimwona anatia kidole kwenye maji na kusema kwamba huko juu kuna mtu anaiba, tukapanda, tukamkuta. Nikaamini kwamba kitu chochote kinachotiririka hapa duniani, Baba anakijua.

Sheria za mfongo nilizijua kabla ya kujua kusoma. Maji hutoka juu kwenda chini. Ukitaka kukausha, unafunga juu. Halafu kulikuwa na sheria ya mkia. Maji yaliyokwisha kupita kihamba cha mwisho, yanayorudi zake mtoni, kwetu yaliitwa mkia, na mkia haukuwa na mwenyewe. Mjane, mgeni, mtu yeyote asiye na zamu, aliruhusiwa kuuchepusha bila kugombana na mtu. Alichotakiwa ni kufunga jani la isale pale alipochepushia, lile jani letu la kuombana radhi, ili watu wajue kwamba hakuiba. Baba aliipenda sheria hiyo kuliko zote. Alisema mfongo usio na mkia ni wa watu wachoyo.

Shamba la kahawa la mzungu lilikuwa bondeni, chini ya kihamba chetu. Walipotaka kufunga mashine ya umeme, meneja alikuja kwa Baba kuomba maji, wakakubaliana: siku za kazi maji ya mfongo yaanguke kwenye gurudumu la chuma, kisha yarudi mfongoni yaendelee kwa watu wa chini. Fundi Ramadhani akapanda kutoka Moshi mjini na baiskeli yake, mtu mwembamba wa kofia iliyodariziwa, mpole wa maneno. Alilala kwetu wakati wote akisimika nguzo. Alipomaliza, nyaya mbili zilipita ukingoni mwa migomba yetu kutoka mashineni hadi nyumba ya meneja kilimani, mmoja juu na mwingine chini yake, zimeshikwa na vikombe vyeupe vya kaure.

Haikupita muda watu wa chini wakalalamika. Mama mmoja alisimama kwenye mkutano wa mfongo akasema migomba yake inanyauka kwa sababu maji yanamfikia yakiwa yametolewa nguvu. Ameyaonja, hayana utamu. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafikia uamuzi huohuo. Nilikuwa nikimwona Mama anavyotikisa kibuyu cha maziwa mpaka siagi itoke, basi nikajua kwamba gurudumu lile linatikisa maji mpaka siagi yake itoke, na siagi hiyo ndiyo umeme. Nilikataa kunywa maji ya chini ya mashine, na fimbo nilikula kwa ajili hiyo.

Baba alishuka na mkutano mzima. Akasimamisha fimbo ndani ya maji juu ya gurudumu, akaisimamisha tena chini yake, akawaonyesha ilipolowa: palepale.

"Yanayoingia ndiyo yanayotoka," alisema. "Yamefanya kazi, yamerudi. Hakuna kilichopungua."

Watu wakaridhika wakarudi majumbani kwao. Baba naye akaridhika, na nadhani siku hiyo ndiyo aliyoanza kujiona kwamba umeme anauelewa.

Wakati huo Mama alikuwa mjamzito. Kabla ya mimba ile alikuwa amejifungua mtoto asiye hai. Ninachokumbuka ni kupelekwa kwa jirani, na niliporudi nikamkuta Mama amejifunika gubigubi, mikono yake mitupu. Mkunga alikuwa Bibi, mama yake Baba. Bibi alisema kwamba kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni na yeye hakukiona upesi, maana koroboi ilikuwa inatoa moshi kuliko mwanga. Akasema hivyo mara moja, akachukua ugoro wake.

Baba neno lile lilimwingia. Hakumlaumu mama yake, alililaumu giza. Alizunguka ndani ya nyumba mchana akitazama pembe hii na pembe ile kama anayemtafuta mwizi. "Huyu atazaliwa kwenye mwanga," alisema, na akawa anasema hivyo kila siku, kabla ya sala ya chakula na baada yake. Mama aliposikia maneno hayo alitazama pembeni. Mimi nilidhani anaona haya kwa sababu ya tumbo.

Akaenda kwa meneja, nikafuatana naye. Meneja alikuwa amekaa barazani, miguu juu ya ukuta.

"Bwana, sikuja kuomba maji ya zamu yako," Baba alisema. "Nimekuja kuomba mkia."

"Mkia ya nini?"

"Wa umeme, Bwana. Ule waya wa juu unakupelekea. Ule wa chini unarudi mashineni ukiwa umeshafanya kazi hapa kwako. Hicho kinachorudi ndicho ninachoomba. Taa moja tu, siku mke wangu atakapojifungua."

Kwa mtu yeyote wa mlimani kwetu maneno hayo yalikuwa wazi. Nani atapitisha maji yanayorudi juu ya maji yanayokwenda? Cha juu kinakwenda, cha chini kinarudi, hata mtoto anajua. Lakini meneja alimtazama Baba kwa muda, kisha akacheka mpaka akakohoa. Akamwita mkewe, akamweleza kwa Kizungu, wakacheka wote wawili.

"Haya, Anaeli," akamwambia Baba kwa jina lake, akijifuta macho. "Mkia yote yako. Chukua tu!"

Halafu akainama kwenye sanduku la vyuma vibovu, akatoa globu kubwa kuukuu iliyokuwa ya kiwanda chake cha kahawa, akanipa mimi nichezee. Baba alimshukuru kwa mikono miwili. Yule mtu alidhani amefanya mzaha, na sisi tulirudi nyumbani tukiwa na ruhusa. Nimefika umri huu kicheko kile sijakisamehe. Angesema hapana, tungeelewa.

Jumapili, maji yakiwa zamu ya watu na mashine imelala, Baba alifanya kazi yake. Alichukua waya wa ganda la raba aliouacha Fundi Ramadhani, akautengenezea kulabu mwishoni, ili autundike na kuutungua kwenye waya wa chini kwa kutumia mwanzi mrefu. Kwenye nguzo akafunga jani la isale. Waya ukapenya kwenye nyasi za paa, ukashuka mpaka kwenye globu aliyoifunga katika mhimili wa katikati wa nyumba, usawa wa kifua chake.

Ikabaki njia ya kutokea. Maji yakishanywesha mgomba lazima yapate pa kwenda, la sivyo yanasimama. Akafunga waya mwingine chini ya globu, ncha yake akaizungusha kwenye mtaimbo, akauchomeka mtaimbo nyuma ya nyumba kwenye udongo mkavu. Kesho yake mashine ilipoanza kunguruma, akatundika kulabu kwa mwanzi, nasi tukasimama ndani tukingoja.

Globu ikawaka nyekundu, kama kaa linalotaka kufa. Tulipiga kelele za furaha. Mama alicheka akashika tumbo. Baba peke yake hakucheka, aliinamisha kichwa akifikiri.

"Njia ya kutokea imeziba," akasema.

Akautungua waya, akaung'oa mtaimbo, akauingiza ndani, akauchomeka ukingoni mwa sehemu ya ng'ombe, pale kwenye kijifereji ambapo mkojo hutoka kwenda nje. Pale ardhi haikauki. Akatundika tena. Safari hii mwanga ukawa wa njano, ukamfikia Mama usoni, ukafika hadi kwenye masizi ya dari. Majirani walikuja kutazama wakafunika midomo kwa viganja. Baba akawaeleza kwamba taa ni hafifu kidogo kwa kuwa ni mkia. Umeme wenyewe hasa ungetupofusha. Hawakukaa sana. Akautungua ule waya, akasema tusiumalize, usubiri mwenye shughuli yake.

Mwenye shughuli alikuja mchana, msimu wa kuchuma ukiwa umepamba moto na mashine ikiunguruma bondeni tangu asubuhi. Mama alikuwa anakata majani ya ng'ombe akaegemea mgomba. Bibi akaitwa. Baba akatundika waya, taa ikawaka, kisha akatoka kukaa nje chini ya paa, maana mwanamume hakai pale mke wake anapojifungulia. Mimi niliachwa ndani kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuangalia moto. Niliwekwa kwenye mafiga kukoroga mtori wa mzazi, nikaamriwa nitazame upande wa ng'ombe na nisithubutu kugeuka.

Basi nilitazama ng'ombe. Alikuwa mwekundu, mpole, na mwenye tamaa ya chumvi. Alilamba kuta, alilamba mpini wa jembe, alilamba mikono yetu. Nyuma yangu Mama alikuwa anaugua kwa sauti ya chini na Bibi anamwambia polepole, polepole. Ng'ombe akanyoosha shingo, akaulamba mtaimbo.

Akaanguka. Hakulia wala hakurusha teke. Alikwenda chini mzima mzima, ukuta ukatikisika, na mimi nikabaki nimeshika mwiko nikidhani amejilaza kwa nguvu.

Baba alisikia kishindo. Aliingia ameinama, mkono mmoja ameuweka pembeni mwa uso ili asione kitandani, akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe. Ulimi ulikuwa bado umegusa chuma. Baba alipiga goti kwenye unyevu, akaushika mtaimbo ili auondoe.

Akaanza kutetemeka. Alitetemeka kuanzia kidole cha mguu hadi taya, meno yote nje, bila sauti. Na taa juu ya kichwa changu ikaongeza mwanga.

Nilifurahi. Nisikilizeni vizuri, wenzangu, nilifurahi. Nilidhani Baba ameigundua njia ya kuusukuma mkia utoke kwa kasi, kwamba ule mtetemo ni juhudi, kwamba yeye ndiye anayeongeza mwanga kwa mkono wake ili Mama aonekane vizuri. Nikamwambia, "Hivyo hivyo, Baba! Hivyo hivyo!"

Kisha nikasikia harufu, raba na nywele vikiungua pamoja, nikayatazama macho yake. Yalikuwa yananitazama mimi. Sijawahi kuombwa kitu na macho namna ile, si kabla wala baada.

Bibi aligeuza shingo. Mikono yake haikuweza kugeuka, kichwa cha mtoto kilikuwa kimo ndani ya viganja vyake.

"Aika," akasema, "baba yako anakufa. Funga!"

"Nifunge nini?"

"Funga juu!"

Bibi hakujua umeme. Alijua mfongo tu, na mimi nilijua mfongo. Mlango wa mfongo ulikuwa mbali msituni, mashine ilikuwa bondeni, na mwanzi ulikuwa nje, mrefu na mzito kuliko nguvu zangu. Nikaufuata waya kwa macho kutoka kwenye mkono wa Baba. Ulitoka kwenye mtaimbo, ukapanda mhimili, ukaingia chini ya globu. Kilichokuwa juu ya Baba ni ile taa.

Niliinua mwiko nikashindwa. Kwa miezi yote ile nyumba nzima ilikuwa imenifundisha kwamba mtoto anakufa kwa kukosa mwanga. Mbele yangu Baba, nyuma yangu mtoto, na mimi ndiye niliyeshika mwiko.

"Na mtoto je?" nikauliza nikilia.

"Vunja!" Hakuwa Bibi aliyesema. Alikuwa Mama.

Nikapiga. Globu ilipasuka kwa mlio kama wa bunduki, giza likaanguka, vigae vikanyesha kwenye nywele zangu. Nikasikia kitu kizito kikidondoka juu ya ng'ombe. Baada ya hapo sikusikia kitu. Nilisimama na mwiko wangu nisijue ni nani kati yao amebaki, na nikawa na hakika kwamba nimewaua wote wawili.

Gizani Bibi alikuwa anazungumza na vidole vyake. "Hiki hapa. Njoo, njoo, pita huku." Aliongea kama anayefungua fundo la kamba. Halafu mtoto akalia, kwa hasira, na upande wa pili Baba akavuta pumzi kwa mkoromo, akakohoa. Nilikaa chini palepale kwenye vigae. Nilijikojolea, na sikuona aibu.

Fundi Ramadhani alifika kesho yake, kwa kuwa taa za meneja zilikuwa zimechezacheza mchana ule. Aliiona kulabu, akaliona jani la isale kwenye nguzo yake, akaiacha baiskeli ianguke. Alipoingia ndani alimkuta Baba amekaa kwenye kigoda, mkono wa kulia umefungwa vitambaa vya samli. Ng'ombe alikuwa ameshazikwa. Hakuna aliyethubutu kumla.

"Baba Aika," alisema kwa sauti ndogo, "ungeniuliza mimi, ndugu yangu."

"Nilichukua mkia, Fundi. Sikugusa wa juu."

Fundi alichuchumaa mbele yake. Akachukua kijiti akachora ardhini mistari miwili, akaifuta yote kwa kiganja.

"Huu si maji. Maji yanakwenda njia moja. Umeme wa mashine hii unakwenda na kurudi ndani ya waya huohuo. Sasa hivi wa juu unasukuma na wa chini unavuta. Kabla hujapepesa jicho wa chini unasukuma na wa juu unavuta. Ukisema 'moja', umeshakwenda na kurudi mara hamsini."

"Upi basi unaoanza?"

"Hakuna unaoanza."

Baba alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Lakini wa chini ndio uliowasha taa."

"Kwa sababu ule wa juu nimeufunga ardhini kule mashineni. Ardhi yote hii ni waya wake. Ukiugusa wa chini umesimama ardhini, umeshika zote mbili."

"Lakini taa ilikuwa hafifu, Fundi. Mkia..."

"Ilikuwa hafifu kwa sababu sehemu ya nguvu haikufika ardhini. Udongo uliikataa. Ilikaa kwenye chuma chako ikingoja mtu."

Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuona rangi ikimtoka Baba. Kuungua hakukumfanya vile. Aliuinua ule mkono wenye vitambaa akauliza kwa nini hakuweza kuuachia mtaimbo, na Fundi akamweleza kwamba kila umeme ukigeuka unaukaza mkono, na unageuka upesi mno hata mkono haupati nafasi ya kufunguka.

"Kwa hiyo hakuna juu," Baba alisema, "wala chini."

"Hakuna."

"Na mkia?"

Fundi alitikisa kichwa. Aliondoka bila kunywa chai, akaenda kuutungua waya mwenyewe, na jani la isale akalifungua taratibu akaliweka mfukoni.

Tulibaki wenyewe. Mama alikuwa amelala kitandani na mdogo wangu kifuani. Bibi alikuwa kwenye mafiga, na mimi namenya ndizi pembeni yake. Baba alimgeukia mama yake.

"Nilitaka uone, Mama," alisema. "Hilo tu. Usimkose na huyu kwa kukosa mwanga kama ulivyomkosa yule."

Bibi aliuweka chini ugoro wake.

"Huyu naye kitovu kilimzunguka," alisema. "Nimekitoa bila kuona. Siku zote nakitoa bila kuona. Ni vidole vinavyoona, mwanangu."

"Sasa yule?"

"Yule alikuja ameshakufa. Alikufa tumboni siku nyingi. Nilipomshika, ngozi yake ilibaki vidoleni mwangu." Alivifuta vidole kwenye kanga kama vile bado. "Nikasema ni koroboi. Ningesema nini? Watu wakisikia mwanamke amebeba maiti tumboni watamkimbia. Na yeye mwenyewe angeishije akijua? Nikasema giza, kwa kuwa giza halina anayelionea huruma."

Kisu kilinidondoka. Nikamtazama Baba nikitegemea atapiga kelele, maana ng'ombe amekufa, mkono umeharibika, yeye mwenyewe amerudi kutoka kwenye mlango wa kaburi, na vyote hivyo kwa ajili ya neno ambalo halikuwa kweli. Hakupiga kelele. Mambo ya watoto waliozaliwa hivyo yalikuwa ya wanawake, wanaume hawakuambiwa na hawakuuliza; na sasa ndiyo akauliza.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike," Bibi alisema. "Alikuwa na nywele nyingi."

Hapo ndipo tuliposikia sauti kutoka kitandani. Mama hakuwa usingizini.

"Mimi nilijua, Mama," alimwambia Bibi. "Aliacha kucheza siku ya Jumapili, tukiwa kanisani. Nikakaa naye mpaka alipotoka." Alimfunika mtoto vizuri, kisha akamwambia Baba, bila kumtazama, "Nilikuona unahangaika na nyaya zako, Baba Aika. Nikasema acha ahangaike. Angalau mmoja wetu alikuwa na kitu cha kufanya."